Rangi Inayotoka

Desemba iliyopita mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minane, alikuja Tanga kwa likizo ndefu akitokea Dar es Salaam. Alishuka kwenye bajaji na begi lake, akaniamkia, na kabla hajanywa hata maji akatoa ombi: "Bibi, nataka kupaka rangi nywele. Nataka papo."

Nilidhani ananihimiza. Nikamjibu kwamba papo hapo haiwezekani, aoge kwanza na ale. Akacheka mpaka akaketi juu ya begi. "Papo siyo sasa hivi, bibi! Papo ni rangi." Akanionesha ubavuni mwa begi lake picha ya farasi mwenye pembe moja, ambaye nywele zake za shingoni zilikuwa na rangi hiyo.

"Hiyo ni zambarau," nikasema.

"Zambarau ni tunda," akanisahihisha.

"Ni tunda, na ndiyo rangi."

Hakuniamini. Wasomaji wa ukurasa huu mtanisamehe, kwa kuwa mwalimu hastaafu ulimi. Jioni ile, tukiwa tunachambua mchicha, nilimpa somo zima. Nilimweleza kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo hukubali upatanisho kama vivumishi vingine vya asili: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema wingu jeusi, kichwa cheusi, nywele nyeusi. Rangi nyingine aghalabu tumeziazima kwa vitu. Kijani tumeipata kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, samawati kwenye mbingu, waridi kwenye ua. Manjano ni kile kiungo kinachotiwa katika mchuzi na kuacha alama vidoleni. Kuna hata damu ya mzee na rangi ya ugoro, ambazo wauza vitambaa wa zamani walizitaja bila kutabasamu. Mtoto alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kama damu ya mzee inapatikana kwa ajili ya nywele. Nikamwambia kwamba mzee wa karibu ni mimi na sina ya kutoa.

Kuhusu "pinki" na "papo" sikumgombeza. Wako wenzangu ambao wakisikia mtoto anasema pinki badala ya waridi huona lugha imekufa. Mimi naona lugha iliyokwisha kupokea rangi, neno lenyewe ambalo asili yake ni Kiajemi, haiwezi kufa kwa pinki. Nilitaka tu ajue kwamba neno la nyumbani lipo na lina mti wake.

Mama yake alipiga simu usiku. Binti yangu si mkali, lakini ada ya shule anailipa yeye. "Mama, shule inafunguliwa Januari. Wakimwona na rangi watamrudisha getini."

"Itatoka," nikamjibu.

Nilipolitamka neno hilo nilinyamaza, mpaka binti yangu akauliza kama mtandao umekatika. Sababu ya kunyamaza kwangu nitaifikia.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliamua kulipima somo langu kwa vitendo. Mzambarau wa jirani ulikuwa umeanza kudondosha. Alikusanya bakuli zima, akazifinya zambarau kwa mikono na kujipaka maji yake kichwani. Ulimi ulibadilika rangi, viganja vilibadilika, blauzi yake nyeupe ilibadilika moja kwa moja. Nywele zikabaki vilevile, nyeusi tii. Alikuja kwangu karibu na kulia. "Bibi, zambarau si rangi."

Hapo nilifurahi, kwani kosa lake lilikuwa zuri, na mwalimu huomba kosa la namna hiyo. Nikampeleka kwenye ubao mdogo mweusi ambao huutumia kuandika bei za maandazi yangu, nikampa kalamu ya wino wa buluu na kumwambia aandike jina lake. Aliandika, na hakuna kilichoonekana. Maji ya zambarau ni kama wino: mwanga hupita ndani yake, na ukifika kwenye weusi ulio chini humezwa. Kwenye blauzi nyeupe wino huonekana kwa sababu weupe huurudisha mwanga. Ndiyo maana wenye nywele nyeusi wakitaka rangi ya kung'aa wanaambiwa kwanza waziunguze kwa dawa hadi ziwe pauka. Jambo hilo kwa kichwa cha mtoto sikuwa tayari hata kulijadili.

Jirani yangu, mtu wa pwani halisi, alishauri hina. Nikamshukuru, nikakataa. Mwingine akataja piko, na huyo sikumshukuru. Natoka kidogo nje ya mstari hapa kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Piko jeusi linalopakwa siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Yako majumba ya harusi ambako mikono ya watoto imechorwa maua kwa unga huo, na baada ya siku chache maua yale yakawa malengelenge. Mwili uliokwisha kuikataa kemikali hiyo huenda ukaikataa maisha yote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, pakiti za rangi za nywele za jamii hiyo hutakiwa kuonya kwamba hazikusudiwi walio chini ya umri wa miaka 16. Kwetu huuzwa katika vifuko vidogo, na mtoto akitumwa anapewa.

Suluhisho lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilipostaafu, wanafunzi waliniaga kwa saa ya ukutani, na mtunza stoo akaniaga kwa maboksi mawili ya chaki: moja nyeupe, moja ya rangi. Sijawahi kujua kwa nini niliyahifadhi. Ubao ni mweusi, nywele ni nyeusi. Chaki si wino. Ni unga unaokaa juu ya weusi na kuufunika, na ndiyo maana darasa zima huisoma. Kilichoshindwa na zambarau kingewezwa na chaki.

Tulifanya kazi hiyo kibarazani, siku ya Jumamosi. Nimwelezee mwenye mjukuu anayetaka kujaribu. Nywele ziwe zimeoshwa zikakauka, tena zisiwe na mafuta, maana chaki ikikutana na mafuta hugeuka tope. Mtoto avikwe khanga kuukuu mabegani na afumbe macho. Nilizigawa nywele zake mafungu madogo kwa chanuo, nikalowesha fungu moja kwa maji kidogo tu, kisha nikapaka chaki nikitelemka kutoka kwenye shina hadi nchani, bila kurudi juu, kwa sababu kurudi juu huzifunga nywele mafundo. Unyevu ule ndio unaoushika unga. Boksi langu halikuwa na zambarau, basi nilipaka waridi kwanza na buluu juu yake, nikasugua kwa vidole. Ilitokea zambarau yenye vumbi, si ile ya begi, lakini yenye jina lake. Upande wa kushoto nikaweka kijani, na mbele, kwa kuwa aliomba, manjano. Tukaacha jua likaushe, kisha nikamsuka mabutu makubwa sita ili unga usipukutike wote. Bado ulipukutika. Shingo yake ilikuwa kama sakafu ya darasa langu la mwisho.

Ngozi ya kichwa sikuigusa, na usiku ule alilala amefungwa kitambaa. Chaki hukausha nywele; hilo nililijua kwa mikono yangu mwenyewe, iliyopasuka kwa miaka 36 ya ubao. Kwa hiyo tulikubaliana siku mbili, basi, na baada ya hapo kuosha na mafuta ya nazi.

Wakati nasuka nilikuwa nikimtungia ubeti, kama nilivyozoea kufanya nikiwa na mikono yenye kazi. Nikamwimbia:

Mjukuu wa nyumbani, nywele zako nazipaka,
Zambarau na kijani, na manjano yamewaka,
Bibi yako wa zamani, mkasi aliushika,
Leo chaki mkononi, nakuchora ukicheka.

Mshororo wa tatu sikuupanga. Vina viliuomba nami nikautoa, na ndivyo ushairi ulivyo na hatari yake. Mtoto aligeuza shingo, butu likaniponyoka. "Mkasi gani, bibi?"

Mwaka 1984 nilikuwa na umri wa miaka 26. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Ualimu Korogwe miaka miwili kabla, nikapangiwa shule moja ya sekondari hapa mjini. Mimi ni mzaliwa wa Upareni, milimani, katika nyumba ambayo hina haikuwahi kuingia. Hapa pwani niliiona kwenye viganja vya maharusi, na niliona jinsi inavyofifia baada ya wiki mbili au tatu. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu hina, na nilidhani ni mengi.

Nilikuwa mwalimu wa zamu. Wanafunzi walikuwa mstarini, jua la asubuhi likiwapiga kwa nyuma, na katika safu ya kidato cha tatu kichwa kimoja kiliwaka wekundu. Nyumbani kwao msichana yule kulikuwa na harusi ya dada yake mwishoni mwa wiki. Kanuni ya shule ilikataza rangi kichwani. Nikamwita mbele, nikamwamuru aende bombani akaoshe na kurudi. Alikwenda. Alirudi maji yakimchuruzika hadi kwenye kola ya sare, akasimama mbele yangu na kusema kwa adabu kabisa: "Haitoki, mwalimu."

Nikamwambia, mbele ya shule nzima, kwamba yeye ni mwongo. Nikaagiza mkasi kutoka chumba cha sayansi kimu. Sikumkata kwa hasira. Nilimkata kwa utaratibu, fungu kwa fungu, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nywele zilianguka kwenye kivuli changu, na kivulini hazikuwa nyekundu tena. Zilikuwa nyeusi kama za wenzake.

Miaka mingi baadaye, mwalimu mwenzangu wa kemia, tukiwa tunasahihisha mitihani, alinieleza bila kujua anamweleza nani. Jani la mhina lina rangi iitwayo lawsoni, nayo hushikamana na protini ya ngozi na ya nywele. Kiganjani hufifia kwa sababu ngozi ya juu huchakaa na kupukutika yenyewe. Unywele haupukutishi ngozi. Rangi iliyoshikamana nao hukaa nao mpaka ukue na kukatwa. Maji ya bomba hayana la kufanya, wala sabuni. Msichana alikuwa amenipa jibu sahihi la kisayansi kwa neno moja, nami niliyekuwa na stashahada nikalisahihisha kwa mkasi.

Kitenzi chenyewe, kutoka, kina hila. Shangazi akitazama viganja vya bi harusi husema "hina imetoka," akiwa na maana kwamba imependeza. Mfuaji akiinua shati husema "doa limetoka," akiwa na maana kwamba halipo. Kupata kwako na kupoteza kwako hutamkwa sawasawa. Lakini siku ile hapakuwa na utata wa lugha wa kujificha nyuma yake. Neno lake lilikuwa wazi. Sikulisadiki tu.

Haya nilimsimulia mjukuu wangu pale kibarazani, kwa maneno mafupi zaidi, huku nikimalizia butu la sita. Hakusema ninyi wakubwa ni wabaya, wala hakunifariji. Aliuliza: "Yuko wapi?"

Hilo ndilo swali nililolikwepa kwa miaka 40, na jibu lake lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Yuko Ngamiani, ana duka la khanga, ni bibi kama mimi. Tukikutana njiani huniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami humwitikia na kumuuliza habari za biashara. Nimenunua khanga kwake pengine mara ishirini. Kila mara nimepunguziwa bei, na kila mara nimeondoka na mzigo mzito kuliko khanga. Sikuwahi kulitaja, nikijiambia kwamba amesahau, na kwamba kumkumbusha ni kumwonea mara ya pili. Mtu akitafuta sababu ya kutoomba radhi hakosi.

Tulikwenda Jumapili jioni, mtoto akiwa na mabutu yake sita ya rangi. Njiani kila mtu alimtazama. Vijana wa bodaboda walimwita maua. Dukani alimwamkia yule mama, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, akaegemea meza na kulishika butu moja kwa ncha za vidole. Akatazama unga uliobaki vidoleni mwake.

"Inatoka hii?" akauliza.

Aliuliza kama mtu yeyote angeuliza. Sijui kama alikusudia chochote. Lakini miguu yangu ilikosa nguvu, nikavuta kigoda nikaketi bila kukaribishwa, na maneno niliyoyapanga njiani yote, pamoja na ile "kwa niaba ya nafsi yangu," yakanitoka. Nilisema tu: "Inatoka, mwanangu. Yako ilikuwa haitoki, nawe uliniambia, nami sikukuamini. Naomba unisamehe."

Alimwita kijana wa duka akamtuma juisi ya ukwaju. Alikunja khanga iliyokuwa mezani, akaikunjua, akaikunja upya. Kisha akasema: "Mwalimu, nywele ziliota. Kufika Idi nilikuwa nasukwa tena. Mimi nywele sikuzililia." Akanyamaza. "Uliniita mwongo. Nyumbani waliniuliza, mwalimu amekukata kwa nini, nikawaambia kwa ajili ya hina. Hilo neno lingine sikuwaambia. Baba yangu alikuwa mtu wa kusali sana. Niliogopa na yeye asije akaniuliza kama ni kweli."

"Ulisema kweli," nikamwambia.

"Nilisema kweli," akarudia, si kwangu hasa. Alikuwa akimtazama mtoto.

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa mkasi. Miaka yote hiyo niliubeba mkasi, hata nikauweka kwenye ubeti, ilhali aliyeumia alikuwa ameumizwa na neno, nami nililitamka kwa wepesi hata nikakaribia kulisahau. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimesahihisha mwongo na muongo, u na w, katika maelfu ya insha, kwa wino mwekundu.

Juisi ilikuja, tukanywa. Alimwuliza mtoto habari za shule na za Dar es Salaam, akamchagulia utepe wa samawati, akakataa fedha. Kuhusu lile jambo hatukuongeza. Wakati wa kuondoka alitusindikiza hadi kona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mara zile ishirini.

Jumatatu asubuhi ilikuwa siku ya kuosha. Niliandaa beseni tatu, kwanza maji matupu, kisha sabuni ya nywele, kisha maji tena. Nilifumua mabutu taratibu. Maji ya kwanza yalitoka na rangi isiyo na jina katika lugha yoyote ninayoijua, kitu kati ya jivu na zambarau, na mtoto akasikitika kuona uzuri wake wote umo ndani ya beseni. Ya pili yalikuwa na povu la kijani. Ya tatu yalikaribia kuwa safi. Foronya moja, ambayo kitambaa kiliteleza usiku, haijarudi weupe wake mpaka leo, lakini foronya haiendi shule.

Nilimkausha kwa taulo, nikamweka kwenye mwanga wa dirisha na kuzichunguza nywele fungu kwa fungu, kama nilivyokuwa nikifanya mstarini. Nilikuwa nimekwisha kuchukua chupa ya mafuta ya nazi aliposema: "Bado, bibi. Hapa nyuma ya sikio bado ipo."

Nikavaa miwani, nikatazama nyuma ya sikio lile, kisha la pili. Sikuona kitu. Nikaiweka chini chupa ya mafuta, nikaenda kuchota maji mengine.